Drafti ya NFL na watoto wa mpakani: Hapa kwetu nani huchagua kwanza?

Kila mwezi wa Aprili, timu 32 za ligi ya NFL kule Marekani huketi siku tatu na kugawana vijana waliotoka vyuoni. Jina moja baada ya jingine, raundi saba, vijana zaidi ya 250. Shughuli hiyo wanaiita drafti. Si ile drafti yetu ya vifuniko vya soda pale steji ya bodaboda, ingawa hiyo ya Marekani nayo ina kula na kuliwa.

Najua unachouliza. Futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki, inamhusu nini msee wa Burumba au Amagoro? Inamhusu, kwa sababu Busia na Malaba nasi tuna drafti yetu. Haionyeshwi kwa TV. Haina raundi, haina orodha, haina tarehe. Mtoto anang'aa kwa mashindano ya shule, muhula unaisha, mwingine unaanza, hayupo. Ukiuliza unaambiwa "alichukuliwa." Na nani? "Shule fulani huko." Kwa makubaliano gani? Hapo watu wanaanza kuangalia viatu vyao.

Leo nataka tuziweke hizi drafti mbili kando kwa kando. Ukifanya hivyo unagundua kitu. Wamarekani hawana jicho la ajabu la kutambua talanta. Hukosea, tena sana, na mahesabu yao wenyewe yanasema hivyo. Walicho nacho ni utaratibu: inajulikana nani anachagua kwanza, kila kijana ameandikwa wapi, na nani analipa nini. Sisi tunalilia jicho, kumbe kinachotuangusha ni daftari.

Wanyonge kwanza

Drafti ya kwanza ya NFL ilifanyika mwaka 1936 mjini Philadelphia. Aliyeileta wazo ni Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles. Hakuwa malaika. Timu yake ilikuwa inapigwa kila wiki, na kila alipomtaka kijana mzuri, timu zenye pesa na jina zilikuwa zimeshafika na noti. Akawaambia wenzake: mkiendelea hivi, timu tatu nne zitanona na nyingine zitakufa, na ligi itakufa nazo. Dawa yake ilikuwa kugeuza foleni. Aliyeshika mkia msimu uliopita achague kwanza, bingwa achague mwisho.

Siku hiyo timu zilikuwa tisa, na majina 90 yaliandikwa ubaoni. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa ameshinda tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Haki yake ikauzwa kwa Chicago Bears, hawakuelewana kuhusu mshahara, na Berwanger hakuwahi kucheza NFL hata mechi moja. Akaenda kufanya biashara ya mpira wa sponji. Kijana wa kwanza kabisa katika historia ya drafti aliangalia mkataba, akasema hapana asante. Alikuwa na shahada mkononi, kwa hivyo hapana yake ilikuwa na nguvu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Tusiipambe hii drafti kupita kiasi. Iliwafaa wenye timu pia. Kijana akishachaguliwa na timu moja, nyingine haziwezi kumpandishia bei. Hachagui mji wala kocha. Wapo waliokataa: Bo Jackson aliwagomea Tampa Bay mwaka 1986 akaenda kucheza besiboli kwanza, na mwaka 2004 Eli Manning alisema wazi hataki kwenda San Diego, akaishia New York. Lakini hao walikuwa na majina. Kijana wa raundi ya sita anapangiwa mji na anapanda ndege.

Hata hivyo msingi ule wa 1936 umebaki, na dhaifu ndiye anayepewa nafasi ya kwanza. Shikilia hapo.

Jicho hukosea

Kabla ya drafti, vijana zaidi ya 300 huitwa Indianapolis kupimwa. Wanapimwa urefu, uzito, upana wa mikono hadi vidole. Wanakimbia yadi 40, ambazo ni karibu mita 36 na nusu, na sekunde zinahesabiwa kwa vipande vya mia. Wanainua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo. Madaktari wanawakagua magoti, makocha wanawahoji hadi usiku. Kila timu ina maskauti waliozunguka vyuoni mwaka mzima, na video za kila mechi.

Baada ya yote hayo, matokeo? Mwaka 1998 timu ya San Diego ilimchagua Ryan Leaf akiwa wa pili. Alidumu misimu michache na sasa jina lake ndilo mfano wa kuharibikiwa. Mwaka 2000 Tom Brady alisubiri hadi nafasi ya 199. Wachezaji 198 walitajwa kabla yake. Akashinda ubingwa mara saba. Mwaka 2022 Brock Purdy alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, nafasi ambayo Wamarekani huifanyia mzaha. Februari 2024 alikuwa kiongozi wa San Francisco kwenye fainali ya Super Bowl.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliamua kulipima jambo hili kwa hesabu. Thaler ndiye yule aliyeshinda Nobeli ya uchumi mwaka 2017. Waliuliza hivi: timu ikimchagua mchezaji wa nafasi fulani, kuna uwezekano gani kwamba atakuwa bora kuliko anayefuata kuchaguliwa kwa nafasi hiyohiyo? Jibu lilikuwa kama asilimia 52. Yaani baada ya mamilioni ya dola, video, madaktari na mahojiano, wanawazidi kidogo tu watu wanaorusha sarafu.

Sasa rudi hapa kwetu. Kocha anafika uwanjani saa nane mchana, jua kali, nyasi zimeisha katikati. Anamwangalia mtoto wa miaka 14 kwa dakika 20, mtoto ambaye pengine hajala tangu asubuhi na amevaa viatu vya kuazima. Halafu anatoa hukumu: "Huyu hana kitu." Na mtaa mzima unameza hukumu hiyo. Mtoto anaacha mpira, wakati mwingine na shule pia, kwa sababu alikuwa anaona vyote viwili kama kitu kimoja.

Kama Indianapolis wanakosea na vifaa vyote vile, kocha wa dakika 20 ni nani? Ferdinand Omanyala wa huku Magharibi alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kugeukia mbio fupi mwaka 2015. Septemba 2021 pale Kasarani alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Ingekuwa talanta huonekana yote shuleni, tungemjua kama mkimbiaji tangu Form One.

Kwa hivyo somo la kwanza kutoka kwa drafti ni kwamba uteuzi mmoja si hukumu ya maisha. Ukitemwa leo, umetemwa na macho ya mtu mmoja siku moja. Na ukichaguliwa, usivimbe kichwa, nayo ilikuwa sarafu.

Wanakuja kutafuta miili

Kuna sababu nyingine ya kuifuatilia NFL ukiwa mpakani: ligi hiyo sasa inaangalia Afrika. Mwaka 2022 ilifanya kambi yake rasmi ya kwanza ya kutafuta vipaji barani, mjini Accra. Mwaka 2023 ikaja Nairobi. Tangu 2017 ina mpango wa kuwafunza vijana wa nchi nyingine, na tangu 2024 kila timu kati ya zile 32 imepewa nafasi ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi kwa mchezaji wa kutoka nje. Juu ya hapo, futiboli ya vibendera, ile isiyo na kugongana, ya watu watano kwa watano, itachezwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, wanaume na wanawake.

Hawatafuti mtu anayeujua mchezo. Wanatafuta mwili na akili ya kujifunza. Ezekiel Ansah wa Ghana alifika chuo kimoja Marekani bila kuwahi kuucheza, akaanza mwaka 2010, na mwaka 2013 akachaguliwa wa tano kwenye drafti nzima na Detroit Lions. Jordan Mailata alikuwa anacheza raga Australia. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018 akiwa nafasi ya 233, na Februari 2025 alikuwa kwenye kikosi kilichobeba Super Bowl.

Mkenya wetu ni Daniel Adongo. Alikuwa mchezaji wa raga Afrika Kusini na New Zealand. Indianapolis Colts wakamsajili mwaka 2013 bila drafti, bila kuwahi kucheza mechi ya mchezo huo, na Desemba mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani NFL. Hakudumu, aliachiliwa mwaka 2015. Na ng'ambo ya daraja, Waganda wana Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyeiongoza serikali ya Uganda kabla ya uhuru. Yeye alizaliwa Marekani, akapitia Boston College, na mwaka 2006 New York Giants wakamchagua wa 32, mwisho wa raundi ya kwanza.

Angalia tofauti kati ya hao wawili. Kiwanuka alipita njia nzima ya chuo, miaka minne ya kuandikwa, kupimwa na kufundishwa. Adongo alirushwa ndani ya mto wenye kasi na kuambiwa aogelee. Simaanishi kipaji. Namaanisha matayarisho, na miaka iliyoandikwa mahali.

Kwa hivyo siku skauti atakapotaka kijana wa futi sita na nusu kutoka Angurai au Funyula, swali lake la kwanza halitakuwa kama anaujua mchezo. Atauliza: amezaliwa lini, amesoma wapi, alipimwa lini, ameumia wapi, na video zake ziko wapi? Nairobi watajibu. Sisi je?

Drafti yetu iliyopinduka

Drafti yetu ni kinyume cha ile ya Bert Bell. Hapa mwenye nguvu ndiye huchagua kwanza. Ukanda huu umezungukwa na majina makubwa ya michezo ya shule. Upande wa Kenya kuna Kakamega School, Musingu, St Anthony's ya Kitale, Butere Girls. Uganda kuna St Mary's Kitende na Kawempe Muslim. Juu yao wote kuna michezo ya FEASSA, ya shule za Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2024 ilikuwa Uganda na 2025 ikaja Kakamega. Shule ikibeba kombe hilo, mwaka unaofuata wazazi wanapanga foleni getini. Kombe ni tangazo, na tangazo linahitaji miguu.

Sisemi shule hizo zinavunja sheria. Sisemi pia kuwa mtoto wa mama mboga wa Marachi akipewa bweni, chakula na karo kwa sababu ya mguu wake wa kushoto, hilo ni jambo baya. Tusidanganyane. Kwa familia nyingi hapa, hiyo ndiyo basari pekee iliyowahi kubisha hodi. Mzazi anayekubali hajapotea njia.

Shida ni yote yasiyoandikwa. Mtoto akivunjika goti Mei, atakuwa bado mwanafunzi Septemba? Karo inalipwa hadi kidato cha nne au hadi mashindano yaishe? Akifeli hesabu, nani atamwekea mwalimu wa ziada? Akitaka kurudi nyumbani, stakabadhi zake ziko kwa nani? Mara nyingi majibu yote yamo kwenye simu moja iliyopigwa kwa mzazi usiku. Na ile timu ya mtaa iliyomfundisha tangu akiwa darasa la tano, ambayo kocha wake hununua mpira kwa pesa za kubeba abiria, haipati hata jezi moja ya zamani.

Nimeacha chuo, kwa hivyo sitajifanya mhubiri wa madigrii. Lakini ninajua tofauti kati ya kutoka mlangoni kwa hiari na kutolewa kwa sababu goti limekataa. Berwanger aliweza kusema hapana kwa sababu alikuwa na kitu kingine mkononi. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, chenyewe kinakadiria kuwa kati ya wachezaji wa futiboli wa vyuo waliofikia kustahili drafti, wanaochaguliwa ni kama asilimia 1.6. Waliobaki, zaidi ya 98 kwa kila 100, wanaondoka na cheti tu, kama walikitafuta. Hata kuingia huko, NCAA hukagua matokeo yako ya sekondari. Kwa hivyo mwanafunzi anayeambiwa "wewe cheza tu, mtihani tutaona" anafungiwa mlango mmoja kila muhula.

Sheria ambayo iliandikwa kama inatujua

Sasa tuje kwa kitu ambacho wengi hapa hawajawahi kuambiwa. Sisi ndio tulioipa dunia neno bodaboda, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka boda hadi boda. Mteso wa Malaba ana shangazi Tororo. Msamia ana shamba pande zote mbili. Watoto wanavuka kwenda shule, kanisa na soko bila kufikiria kama ni safari ya nje. Lakini kwa kandanda ya FIFA, kuvuka lile daraja ni uhamisho wa kimataifa, na sheria inasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa kimataifa.

Kuna vipengele vya kipekee, na kimoja ni kama kiliandikwa na mtu aliyekaa Malaba. Kinasema hivi: kama mtoto anaishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, na klabu ya nchi jirani pia iko ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huohuo, anaweza kusajiliwa. Umbali kati ya nyumba yake na klabu usizidi kilomita 100, aendelee kuishi nyumbani kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali.

Soma tena hapo: aendelee kuishi nyumbani. Mtoto wa Malaba anaweza kuchezea klabu ya Tororo na bado alale kwa mama yake. Mtoto wa Tororo anaweza kusajiliwa na klabu ya Bungoma kwa utaratibu huohuo. Njia halali ipo. Lakini inahitaji karatasi, FKF ikubali na FUFA ikubali, na karatasi ndiyo tunayoikimbia.

Shule si klabu, kwa hivyo mtoto akihamia bweni ng'ambo ya mpaka kama mwanafunzi, uhamisho huo wa FIFA hauandikwi popote. Wengi wanaona hiyo ni afueni. Kumbe hapo ndipo anapopotea kwenye daftari. Miaka yake ya 12 hadi 15 inakuwa tupu, na miaka hiyo ina bei.

Tufanye hesabu kidogo. FIFA ina kitu kinaitwa malipo ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 huleta asilimia 0.25 ya bei, na kila msimu wa 16 hadi 23 huleta asilimia 0.5. Chukua klabu ndogo ya mtaa iliyosajiliwa pale Amagoro, iliyomwandikisha mtoto kwa misimu minne, akiwa na miaka 12 hadi 15. Akiuzwa baadaye Ulaya kwa euro milioni moja, ambayo kwa soko la huko ni bei ya chini, klabu hiyo inadai euro 10,000. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya shilingi za Kenya. Ni mipira, ni jezi, ni nauli za misimu mingi.

Tena siku hizi si lazima uwe na wakili wa suti. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalum ya kupitisha malipo hayo, inayosoma pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji na kuona alisajiliwa wapi mwaka gani. Kama ulimsajili, unaonekana. Kama ulimlea kwa mapenzi bila karatasi, hukuwahi kuwepo.

Mtoto mwenye siku mbili za kuzaliwa

Hapa sasa tuambiane ukweli unaouma. Daftari haliwezi kufanya kazi kama umri ni uongo. Mpakani ni rahisi mtu kuwa na cheti cha huku na kingine cha kule, majina yamegeuzwa, mwaka umepunguzwa. Makocha wanajua, walimu wanajua, na mtaani tunafanya utani: "Huyu ni andathetini wa kunyoa ndevu mara mbili kwa wiki."

Utani huo una mtu anayeulipia. Kila kijana wa miaka 20 anayecheza na watoto wa 16 anakaa kwenye kiti cha mtoto mmoja wa kweli. Na yeye mwenyewe anajifungia. Tangu 2009 FIFA hutumia mashine ya MRI kupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa wachezaji wa chini ya miaka 17. Shirikisho la Cameroon liliwahi kuwapima vijana 30 wa timu yake ya umri huo, na 21 wakaanguka. Fikiria ukiwa mmoja wa hao 21. Umefika kambi ya taifa, na uongo uliofundishwa na mtu mzima ukiwa darasa la saba unakungojea ndani ya mfupa wako.

Jambo jingine ni mawakala. Ukiwa mchezaji mdogo wa huku, inbox yako haikosi mtu wa "majaribio Dubai, tuma ya viza." Tangu 2023 wakala wa FIFA lazima afanye mtihani na awe na leseni, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Haruhusiwi kumfuata mtoto bila idhini ya mzazi kwa maandishi, tena si zaidi ya miezi sita kabla ya umri wa kusaini mkataba wa kulipwa. Na aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa kulipwa wa zaidi ya miaka mitatu. Kwa hivyo mtu akimwita mdogo wako "mteja wangu" akiwa na miaka 13, tayari unajua ni wa aina gani.

Tuige nini, tuache nini

Hatuhitaji drafti ya Marekani. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka watoto wa Nambale wapangiwe shule kwa kura kwenye jukwaa. Lakini vitu vitatu vinaweza kuibwa bila aibu.

Cha kwanza ni foleni. Shule za kaunti hii, Teso Kaskazini hadi Funyula, zipewe nafasi ya kwanza kwa watoto wake, na nafasi hiyo iwe na pesa nyuma yake. Basari za kaunti na za maeneobunge zipo. Nyingi hutolewa kwa vipande vidogo vidogo ambavyo haviwezi kumweka mtoto bwenini hata muhula mmoja. Kama kaunti ingeamua kuwalipia watoto wachache wenye vipaji karo kamili hadi kidato cha nne, wavulana kwa wasichana, shule kubwa ya mbali ingelazimika kuja na kitu bora zaidi ya simu ya usiku.

Cha pili ni maandishi. Chama cha michezo ya shule za sekondari kinaweza kudai barua moja ya ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi anayehamishwa kwa sababu ya michezo: karo inalipwa hadi lini, akiumia itakuwaje, na timu ya nyumbani inaachiwa nini. Hata mipira kumi na jezi seti moja ni heshima. Shule yenye nia njema haitaogopa ukurasa mmoja.

Cha tatu ni daftari lenyewe, na hili halingoji serikali. Kila timu ya mtaa iandike jina la mtoto, tarehe ya kweli ya kuzaliwa na nambari ya cheti, urefu na uzito kila miezi sita, msimu kwa msimu alichezea nani, aliumia nini, shule anashika nambari ngapi. Mrekodi kwa simu dakika chache kila mechi kubwa. Halafu klabu isajiliwe na FKF na mtoto asajiliwe chini yake. Nenda pale steji utapata msee anayejua madeni ya wateja arobaini kwa kichwa. Hii kazi tunaiweza.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya wazungu, mtoto akipata nafasi aende, karatasi baadaye. Namwelewa. Nafasi hapa hazigongi mara mbili. Lakini hata madereva wa trela, wanaokaa foleni ya Malaba siku nzima wakiwa na haraka kuliko sisi sote, hawavuki bila karatasi za mzigo. Kama mahindi yana stakabadhi, mtoto wa mtu anakosaje?

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa Kombe la Afrika pamoja. Maskauti watajaa Nairobi na Kampala, na barabara kati ya miji hiyo miwili inapita hapa kwetu. Watakaopita Malaba watateremka kunywa chai, watavuka, wataendelea. Kama una mdogo wako anayecheza, wikendi hii kaa naye, tafuta cheti chake cha kuzaliwa, kiangalie kama ni cha kweli, na umuulize kocha wake kama jina hilo limesajiliwa popote. Ukisikia kimya, basi umejua kazi yako ya Jumatatu.